Kipande cha Wandera

Jamaa aliyeshika kipaza sauti kule Kirewa alisoma kwamba marehemu Mwalimu Othieno "alikosa bahati ya kumaliza chuo kikuu." Nilikuwa nimekaa chini ya turubai, mguu wangu mbovu nimeunyoosha juu ya kiti cha mtu mwingine, na nusura nisimame nimnyang'anye kile kipaza sauti. Bahati! Mtu alikuwa na bahati ya kugawia kijiji kizima, akaitupa kwa mikono yake mwenyewe, na mimi nilikuwepo akiitupa. Lakini mzee wa umri wangu akianza ugomvi matangani, watu humletea maji na kumpepea, kwa hiyo nikabaki nimekaa. Kati ya walioujua mwaka huo wa kuitupa tumebaki mimi na Nekesa tu. Yeye alikuwa upande wa akina mama, kitambaa amekishusha mpaka kwenye nyusi, hamtazami mtu. Ndiye aliyenipigia simu. "Baba mdogo," aliniambia, "Mwalimu ametutoka. Uje. Usianze kuniambia habari za mguu." Basi nikaja, na mguu wenyewe nikaubeba.

Habari za ukoo wangu sitaziweka hapa. Anayetaka kujua nimezaliwa na nani aende Masinya akaulize, ataambiwa zaidi ya haja yake. Nitausema mwaka mmoja tu, miaka michache baada ya uhuru, nilipokuwa kijana mwenye shati moja jeupe na maneno mengi. Mimi na Othieno tulikuwa tunasomea uhandisi wa mitambo huko Nairobi, maana kwetu Uganda siku hizo masomo hayo hayakuwepo. Siku ya kwanza darasani profesa wetu, Mzungu mrefu aliyeongea taratibu kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili, aliandika ubaoni malengo ya shahada yetu. Mhandisi ajue sababu ya kila kinachotokea kwenye mashine. Aweze kuunda kitu ambacho hakikuwepo. Aweze kufanya kazi na watu. Na la mwisho, aweze kujibu anapoulizwa juu ya alichokifanya. Sisi wengine tuliyanakili tukayasahau kabla wino haujakauka. Othieno aliyashika kama mtu anavyoshika katekisimu. Ungemkuta anafua soksi huku anayataja, na ukimcheka anakuuliza, "Sasa wewe Egessa, unasoma ili iweje?" Mimi nilikuwa nasoma ili nipate kazi na gari, na sikuona aibu kusema.

Yeye alitaka ndege. Alikuwa amekwisha kuahidiwa nafasi ng'ambo, akimaliza shahada aende akasomee jinsi ya kuunda ndege, na hakuna mtu aliyekuwa na shaka kwamba ataiweza. Ila kabla ya mwaka wa mwisho kulikuwa na sharti: mwaka mzima kiwandani, kufanya kazi na mafundi. Profesa alisema hatampa shahada mtu ambaye hajawahi kunawa grisi. Sisi wawili tukarudishwa kwetu, Tororo, kwenye kiwanda kidogo cha kusaga mawe ya mbolea upande wa Osukuru. Si kile kikubwa ambacho watu wanakijua. Hiki kilikufa zamani na mabati yake yameezeka vibanda vya watu. Tukapangisha chumba kwa mfanyakazi mmoja wa hapo, Bwire, Msamia mwenzangu, aliyekuwa akiishi na mkewe na binti yao mdogo Nekesa. Mkewe tukimwita Mama Nekesa, ingawa hakutuzidi sana kwa umri.

Chumba kile nakiona mpaka leo. Kati yetu na wenye nyumba kulikuwa na mkeka wa mafunjo tu umesimamishwa, kwa hiyo tulijua Bwire anaota nini na wao walijua sisi tunabishana nini. Vumbi la mawe lilikuwa kila mahali. Ulilikuta kwenye kitanda, kwenye masikio, kwenye chumvi. Mama Nekesa alipika ugali wa muhogo na wimbi, mweusi, mzito, na samaki wadogo wakavu kwa mchuzi wa karanga, na kila siku alisema maneno yale yale akitutengea: "Maprofesa, kula. Vumbi si sumu." Juu ya kitanda chake Othieno alibandika mchoro wa bawa la ndege aliouchora mwenyewe, mkubwa, umejaa tarakimu. Kwa Nekesa alitengeneza ndege za mabua ya mtama. Zilianguka zote, naye kila ilipoanguka alichuchumaa kuitazama, akamweleza mtoto yule kwa nini imeanguka, kana kwamba anaongea na mwanafunzi mwenzake. Bwire alicheka mpaka akakohoa. "Wewe, Othieno, mtoto hata kaptura hajui kuvaa, unamfundisha upepo!"

Sasa nieleze habari ya vipande, maana bila hiyo hakuna kitu. Kila mfanyakazi alikuwa na kipande cha shaba, mviringo, chenye namba yake. Wazee hawakulipenda hilo neno kwa sababu ya vile vipande walivyolazimishwa kutembea navyo enzi za ukoloni, lakini kipande ni kipande. Ukifika getini unakionyesha. Na ukiingia ndani ya mashine yoyote kuisafisha au kuitengeneza, kwanza unakitundika kwenye ndoana iliyo kando ya swichi. Kipande kikining'inia hapo, hakuna wa kugusa swichi mpaka mwenyewe atoke akitoe. Likitokea kwamba mtu amekisahau na anaonekana kwa macho yuko nje, nyapara peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kusema kitolewe. Othieno aliupenda sana utaratibu huo. Alisema ni kitu kilichoundwa kwa akili, kwamba chuma kidogo kinaweza kulinda mtu.

Lakini watu walikuwa na utaratibu wao juu ya ule wa meneja. Meneja alitoa ruhusa ya mazishi kwa baba, mama, mke na mtoto. Basi. Mjomba wa mke kwake hakuwa mtu. Na kwetu sisi, huku na ng'ambo ya mpaka, utakosaje mazishi ya mjomba wa mkeo? Utawatazamaje wakweo? Wengi wa wafanyakazi walikuwa na jamaa zao upande wa Kenya, ndugu mmoja huku, mwingine kule, na mpaka wenyewe siku hizo ulikuwa mti uliolazwa barabarani na askari mmoja anayepiga miayo. Kwa hiyo mtu akifiwa, mwenzake alimshikia kipande. Anaingia getini na viwili katikati ya msongamano wa watu, anafanya kazi yake na ya mwenzake, na popote mwenzake alipotakiwa kuonekana, namba yake inaonekana. Nyapara akipita huangalia namba, haangalii sura. Haya hayakuwa siri kwetu. Tuliyasikia kila jioni tukila, hasa alipokuja Wandera, kaka yake Mama Nekesa, mtu wa maneno mengi aliyefanya kazi ndani ya kinu, ile mashine kubwa ya kusagia. Siku moja Wandera alimtania Othieno: "Profesa, ukienda kuzika, nani atakushikia kitabu?" Othieno akacheka, akasema utaratibu huo ni bora kuliko wa meneja, kwa sababu huu una huruma. Nakumbuka alisema hivyo huku analamba mchuzi kwenye vidole.

Mjomba wa mke wa Wandera akafa, mbele kidogo ya Busia, upande wa Kenya. Asubuhi ile mimi na Othieno tulitangulia kazini, hatukuona nani amempa nani nini. Bwire aliingia na vipande viwili. Chake alikitundika kwenye msumari kando ya mkanda wa kubebea mawe, mahali pake pa kazi, ili nyapara akipita aione namba. Kisha, kwa kuwa kinu kilikuwa kimesimamishwa kisafishwe na hiyo ilikuwa kazi ya Wandera, akatundika kipande cha Wandera kwenye ndoana ya kinu na akaingia ndani na tindo kubandua mawe yaliyogandamana. Mashine nyingine zilikuwa zinaunguruma. Usingesikia tindo hata ungesimama karibu.

Karibu na saa ya chakula Othieno alitumwa getini kuchukua pipa la grisi. Nje ya geti palikuwa na kibanda cha chai, na hapo akamwona Wandera amekaa na kikombe. Gari lililokuwa linaleta maiti kutoka Kisumu lilikuwa limeharibika njiani, mazishi yamesogezwa hadi kesho yake, naye Wandera amerudi, anangoja watu watoke kula ili ajipenyeze ndani. Hayo tuliyajua baadaye. Othieno alimsalimia tu. "Wandera, vipi?" "Salama, Profesa. Njoo chai." Akamwambia ana kazi, akasukuma pipa lake akaingia.

Mimi nilikuwa juu, kwenye ngazi ya mkanda, namwona kila mtu kutoka juu. Nyapara Okiror alikuwa mbele ya swichi ya kinu, amekasirika, maana malori yalikuwa yamepanga foleni. "Hiki kipande ya nani? Ya Wandera? Wandera iko wapi?" Othieno akafika, akakisoma, akasema kwa sauti ya kushinda kelele, "Wandera yuko nje, anakunywa chai. Nimemwona sasa hivi kwa macho yangu. Amekisahau." Na Okiror akasema, "Toa. Washa." Othieno akakitoa kwenye ndoana, akakitia mfukoni mwa shati, akainua mkono wa swichi. Nilimwona akiufanya ule mwendo wote, na kama mtu angeniuliza wakati ule, ningesema kijana anafanya kazi vizuri. Kinu kikaanza kuzunguka. Baada ya muda mfupi sauti yake ikabadilika. Sitaieleza sauti hiyo. Nimeisikia maisha yangu yote na haijawahi kumfaa mtu yeyote kuelezwa. Kisha nikamwona Wandera anakuja mbio kutoka getini, kikombe bado mkononi, na jina alilokuwa analipiga kelele lilikuwa la Bwire.

Othieno hakungoja kuitwa na mtu. Walipokuwa wanahangaika na kinu alishuka barabarani kwenda nyumbani, nami nikamfuata nikimwambia asimame, asubiri wazee, mambo kama hayo hayasemwi hivyo. Hakunisikia. Mama Nekesa alikuwa kivulini anapeta wimbi. Othieno akasimama mbele yake na grisi mikononi. "Mama Nekesa, nimewasha kinu, na Kaka Bwire alikuwa ndani." Mama Nekesa akaitazama ile mikono. Halafu akauliza neno moja. "Ulimwita?" Othieno hakuelewa. "Mbele ya kuwasha. Ulimwita?" Akajibu, "Sikumwita." Mama Nekesa akauweka ungo chini taratibu, asimwage wimbi, akasimama, na hapo ndipo kilio kilipotoka, majirani wakaanza kumiminika kutoka kila upande.

Tulimzika Bwire kwao Masinya, sanduku likiwa limepigiliwa misumari, hakuna aliyeruhusiwa kumtazama. Meneja alifanya kikao ofisini. Kilikuwa kifupi. Marehemu alitumia kipande kisicho chake, kwa hiyo alijiletea mwenyewe. Wandera alimpa mtu kipande chake, kwa hiyo kazi hana. Nyapara alitoa amri kwa taarifa aliyopewa. Mwanafunzi Othieno alisema kweli kuhusu alichokiona na alitii amri, hana kosa. Halafu meneja akauliza, kipande chenyewe kiko wapi? Othieno akagundua bado kimo mfukoni mwa shati. Akakitoa, akakiweka mezani, na meneja akakifuta kwa leso kabla ya kukitia kwenye droo.

Tuliendelea kukaa nyumba ile ile. Watu wananiuliza mliwezaje, nami nawauliza tungeenda wapi? Tungehama ingekuwa tunakimbia. Mama Nekesa aliendelea kupika. Othieno alishindwa kula, akawa anafinyanga tonge na kulirudisha sahanini, mpaka siku moja yule mama akamfokea: "Kula! Mimi sipiki kwa sababu nakupenda. Napika kwa sababu mkono umezoea hii sufuria." Akala. Mchoro wa bawa ulikuwa bado ukutani. Othieno alilala ameupa mgongo. Nekesa alimletea mabua ya mtama, akayaweka magotini pake, akangoja. Mwishowe mtoto mwenyewe aliyachukua akaenda kuchezea nje.

Mwisho wa mwaka profesa alikuja kwa treni kutupima. Alituita mmoja mmoja kwenye kijichumba cha mbao nyuma ya stoo, nami nikiwa kwenye benchi nje nilisikia yote. Nakiri nilitega sikio, lakini kupitia ukuta ule hata kiziwi angesikia. Alimuuliza Othieno juu ya pampu, juu ya mikanda, juu ya nguvu ya kinu, na majibu yalitoka bila kusita. Kisha akamuuliza, kwa sauti yake ya kutoamsha mtoto, amejifunza nini kuhusu yale malengo. "La kwanza ni kujua sababu," Othieno akasema. "Nilijua. Nilijua wanashikiana vipande. Nimekula nao wakilizungumza, nikalisifu. Niliposoma namba ile nilikumbuka kila kitu nilichofundishwa, nikasahau nilichokijua. La kufanya kazi na watu, mtu mwenyewe nilikuwa nalala nyumbani kwake. La mwisho ni kujibu. Mkewe ameniuliza kama nilimwita. Jibu langu ni kwamba sikumwita." Nilimsikia profesa akisogeza kiti. "Ni jambo la kusikitisha sana," akasema. "Lakini si jambo la mitambo." Othieno akauliza, "Ni jambo la nini?" Profesa akakusanya karatasi zake. Alisema, "Umefaulu, Othieno. Vizuri sana." Siku ile nilimchukia mzee yule, na sasa nina umri mkubwa kuliko wake na bado sijui ningemwambia kijana yule nini. Othieno alitoka, akasimama mbele yangu. "Nimefaulu," akasema. "Egessa, unasikia? Nimefaulu."

Siku ya kurudi Nairobi alinisindikiza stesheni ya Tororo bila sanduku lake. Nikamtukana pale pale mbele za watu. Nikamwambia ni mjinga, ni mwenye kiburi, kwamba hata akijizika mzima Bwire hatafufuka, kwamba watu wa kwao Kirewa wote wanamtazama yeye. Nikamwambia ndege zinamngoja. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. "Ndege inaingia watu, Egessa," akasema, akanipandishia sanduku langu, akashuka.

Mimi nilimaliza. Nikapata kazi, nikapata na gari, miaka yangu nikaitia kwenye pampu na boila. Yeye alifundisha shule ya ufundi karibu na Busia mpaka nywele zikaisha kichwani. Mwanafunzi wake yeyote, kabla ya kuwasha mashine yoyote, hata ile ya kutoboa mbao ambayo haiwezi kuingia panya, alilazimika kuita kwa sauti, "Kuna mtu ndani?" na kungoja. Si kuita tu. Kungoja. Aliyeita na kuwasha papo hapo alitolewa nje. Wakaguzi walicheka. Watoto walimpa jina la Kuna Mtu, na hata sokoni waliitana hivyo akipita: Kuna Mtu huyo, Kuna Mtu anakuja. Hakukasirika. Kila msimu alikwenda Masinya kumlimia Mama Nekesa na kumzibia bati, naye alimtengea chakula. Mpaka anaingia kaburini mama yule hakutamka kwamba amemsamehe, na Othieno hakuwahi kuomba.

Basi, yule jamaa wa kipaza sauti alimaliza bahati zake, mchungaji akasali, jeneza likateremshwa. Wanafunzi wake wa zamani, wanaume wenye vitambi na wajukuu, walikuwa wamezunguka kaburi na mabeleshi. Mchungaji akawapa ishara wafukie. Hakuna aliyeinama. Walitazamana, mmoja akafungua mdomo akaufunga, na nikaona wote wana neno moja kooni na wote wanaona haya kulisema mbele ya watu wazima. Mchungaji akatoa ishara tena. Ndipo Nekesa akapita katikati yao. Yeye hakusoma kwa Othieno hata siku moja. Alifika ukingoni, akakivua kitambaa, akainama juu ya shimo na kuita kwa sauti ambayo sikujua anayo: "Kuna mtu ndani?"

Mtoto mmoja akacheka, akanyamazishwa. Tukangoja. Tulingoja sawasawa, kama alivyotaka, mpaka mchungaji akashusha mkono wake na upepo ukasikika kwenye turubai. Hakuna aliyejibu. Nekesa akanigeukia, akaniambia, "Sasa, Baba mdogo," nami nikaokota beleshi.